Dobi wa Manowari: Namna ya Kuchunguza Masharti ya Kazi ya Wachina Wasio Askari Ndani ya Meli za Kivita

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa historia ya kazi, ofisa wa chama cha mabaharia, au mtu yeyote anayetaka kuandika kwa usahihi juu ya Wachina waliofanya kazi ndani ya meli za kivita bila wao wenyewe kuwa askari. Mfano nitakaoutumia ni wa Jeshi la Majini la Uingereza, kwa sababu huko desturi hiyo ilidumu miaka mingi: madobi, mafundi cherehani na washona viatu walichukuliwa Hong Kong, wakaishi melini miezi kwa miezi, wakazunguka bahari zote, wakarudi kwao bila kuwahi kuvaa cheo. Kosa la kawaida la anayeanza ni kukimbilia kuuliza mshahara ulikuwa kiasi gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulia litakupoteza, kwa maana wengi wa watu hawa hawakuwa na mshahara kabisa. Anza kwa kuuliza huyu mtu alikuwa wa nani: nani alimwandika, nani alimlipa, nani aliweza kumfukuza, na nani aliandika barua nyumbani kwake alipokufa. Ukipata majibu manne yanayotaja watu wanne tofauti, umeshaanza kuielewa hali yake.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja ndogo hapa. Mabaharia wa Kiingereza huita nguo za kufua kwa neno lililotoka Kihindi, nalo ni lile lile lililotupatia sisi neno dobi. Bahari ya Hindi ililisambaza neno pamoja na kazi yenyewe. Kwa hiyo ukikuta katika kumbukumbu zao habari za "kampuni ya dhobi" ya meli fulani, usidhani ni shirika lenye ofisi na bango mlangoni. Mara nyingi ni wanaume watatu au wanne ndani ya chumba kimoja chenye joto kali, wakiongozwa na mkubwa wao ambaye meli nzima ilimwita Namba Moja.

Hatua ya kwanza ni kuwatenganisha watu ambao orodha huwachanganya. Kundi la kwanza ni hao madobi na mafundi, ambao tangu miaka ya 1930 walipanda manowari chini ya mkandarasi au chini ya Namba Moja wao. Kundi la pili ni mabaharia wa Hong Kong walioajiriwa katika Royal Fleet Auxiliary, yaani kundi la meli saidizi zinazobeba mafuta, vyakula na askari kwa ajili ya jeshi. Hawa walikuwa mabaharia kamili wenye mikataba ya ubaharia, ila mikataba hiyo haikuwa ya viwango vya wenzao Waingereza. Kundi la tatu ni Wachina walioandikwa jeshini huko huko Hong Kong wakavaa sare. Hao ni askari, na ukiwaingiza katika hesabu ya wasio askari utaharibu kazi yako yote. Liko na kundi la nne, la wanawake waliopaka rangi meli bandarini, ambalo nitalirudia kwa sababu linafundisha kuliko yote.

Ujihadhari pia na neno "raia", ambalo katika Kiswahili linabeba maana mbili. Dobi aliyezaliwa Hong Kong wakati wa ukoloni alikuwa raia kwa maana ya kutokuwa askari, lakini kwa karatasi zake mara nyingi hakuwa raia wa China. Alikuwa mtu wa koloni la Uingereza, mwenye karatasi za Kiingereza ambazo, tangu mwaka 1962, hazikumpa haki ya kwenda kuishi Uingereza alivyotaka. Andika "asiye askari" pale unapokusudia hivyo, na utaje uraia wake peke yake pale unapohusu jambo lenyewe.

Hatua ya pili ni kuifuata pesa, na hapa usiharakishe. Dobi wa manowari aliishi kwa ujira wa kipande. Baharia alileta mfuko wake wa nguo wenye alama yake, pamoja na karatasi yenye idadi: mashati mangapi, suruali ngapi, soksi jozi ngapi. Dobi alihesabu tena, kwa kuwa kipande kikipotea lawama ingekuwa yake, kisha akaandika jina na kiasi katika daftari. Bei ya kila kipande haikuwa ya kupangwa na dobi apendavyo, kwani uongozi wa meli ulikuwa na kauli katika bei hiyo, nao ulikuwa na sababu ya kuiweka chini, maana wateja ndio mabaharia wake. Fedha iliyokusanywa haikuwa yote ya mfuaji. Kulikuwa na sabuni na wanga wa kununua, na kulikuwa na fungu la Namba Moja, pamoja na la mkandarasi wa nchi kavu kama yupo. Kilichobaki ndicho kilichotumwa nyumbani.

Ili uone uzito wa jambo hili usitosheke na kuandika kwamba "walifanya kazi kwa saa nyingi". Piga hesabu. Chukua meli ya mfano yenye watu 280, na tuseme kila mmoja anapeleka vipande 10 kwa wiki. Hivyo ni vipande 2,800. Wagawie wafuaji wanne, kila mmoja anabaki na 700. Kwa siku sita za kazi ni takriban vipande 117 kwa siku. Kama kupiga pasi kipande kimoja kunachukua dakika tatu, tayari zimepita karibu saa sita za pasi peke yake, kabla hujaweka kupokea, kuhesabu, kufua, kukausha, kukunja na kurudisha mifuko kwa wenyewe. Namba hizi nimezitunga ili kuonyesha njia, na kazi yako ni kuweka badala yake namba za meli unayoichunguza: idadi ya watu hutajwa karibu katika kila maelezo ya meli, na mabaharia wa zamani hukumbuka vizuri walikuwa wakilipa kiasi gani kwa shati. Ukishapata bei, zidisha, gawanya, kisha toa gharama. Hesabu ya namna hii ina maana kubwa kuliko sifa zote za "uchapakazi wa Kichina" ambazo utazikuta katika kumbukumbu za maofisa.

Katika ujira wa kipande tafuta pia kitu kinachousimamisha. Melini kitu hicho ni maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Manowari hutengeneza maji yake kutokana na ya bahari, na mitambo ikipata hitilafu, au boila ikihitaji zaidi, maji ya watu hupunguzwa na chumba cha dobi hufungwa mapema. Kwa baharia hilo ni usumbufu wa kuvaa shati siku tatu. Kwa dobi ni siku tatu bila kipato, huku akiwa katikati ya bahari na hana pa kwenda. Ukikuta katika kitabu cha safari maneno kwamba maji yamegawiwa kwa mgao, hapo pana habari ya mapato ya mtu, ingawa mwandishi wa kitabu hakuwa na habari naye.

Hatua ya tatu ni kutazama mahali mwili wake ulipokaa. Omba mchoro wa meli, utafute chumba cha kufulia, kisha uangalie kiko sitaha ya ngapi, karibu na nini, na njia ya kutoka iko wapi. Mara nyingi utakikuta chini, mbali na hewa, jirani na mabomba ya mvuke. Uliza walilala wapi, kwa sababu si mara moja wala mbili waliolala karibu kabisa na mashine zao. Uliza walikula chakula cha nani na kilikatwa katika fedha ya nani. Uliza zaidi ya yote walikwenda wapi king'ora cha vita kilipolia, maana katika manowari kila mtu ana mahali pake wakati huo, na mtu ambaye kazi yake ni pasi atapewa kazi ya kubeba majeruhi, au kupitisha risasi, au ataambiwa akae alipo. Jibu lolote kati ya hayo ni sharti la kazi hata kama halikuandikwa katika mkataba.

Hatua ya nne ni sheria, na hapa watu wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba mikataba ya mabaharia wa dunia inamgusa kila mtu aliye majini. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unasema wazi katika kifungu chake cha pili kwamba hauhusu meli za kivita wala meli saidizi za jeshi la majini. Saa za kupumzika, chakula, kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwajiri, malipo ya matibabu: yote ambayo baharia wa meli ya mizigo anaweza kuyadai kwa kuunyooshea kidole mkataba ule, dobi wa manowari lazima ayakute katika karatasi yake mwenyewe au katika sheria ya nchi ya bendera.

Nayo sheria ya nchi ya bendera haikumpendelea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1976 ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi ilikuwa na kifungu cha 9 kilichowatoa mabaharia walioajiriwa ng'ambo, kiasi kwamba kumlipa mtu wa Hong Kong chini ya Mwingereza aliyesimama naye sitaha moja hakukuwa kosa. Kanuni za mwaka 2011 zilipunguza eneo la ruhusa hiyo bila kuiondoa. Mchunguzi mzuri ataandika hivyo hivyo: tofauti ya malipo haikuwa ujanja wa mkandarasi mmoja mwenye tamaa, ilikuwa imeruhusiwa na bunge. Upande wa adhabu, hata hivyo, sheria ilimkumbuka. Sheria ya Majeshi ya mwaka 2006, katika jedwali la 15, inamhesabu asiye askari aliye ndani ya meli ya kivita ya Uingereza ikiwa majini kuwa miongoni mwa watu walio chini ya nidhamu ya kijeshi. Weka mambo hayo mawili sambamba ukurasani mwako, na msomaji atajionea mwenyewe.

Halafu kuna sheria ya vita. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 4, unawataja watu wanaofuatana na majeshi bila kuwa sehemu yake, wakiwemo wakandarasi wa vifaa na watumishi wa huduma za ustawi wa askari, na unawapa hadhi ya mfungwa wa vita wakikamatwa, mradi wawe na idhini ya jeshi wanalofuatana nalo, na jeshi hilo linatakiwa kuwapa kitambulisho maalumu. Kwa hiyo uliza kama dobi alikuwa na kitambulisho hicho mfukoni. Ni kipande kidogo cha karatasi, lakini bila hicho ingemlazimu amweleze adui kwa maneno matupu kwamba yeye alikuwa akipiga pasi tu.

Sasa tazama vita moja. Mwaka 1982 Uingereza ilipopigana na Argentina katika Visiwa vya Falkland, walikufa watu wanane wa Hong Kong waliokuwa upande wa Uingereza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa askari. Tarehe 4 Mei kombora la Exocet lilipiga manowari HMS Sheffield na kuua watu 20. Mmoja wao alikuwa dobi. Tarehe 25 Mei mabomu yalizamisha HMS Coventry, na humo pia alikufa dobi mmoja. Siku hiyo hiyo meli ya mizigo Atlantic Conveyor ilipigwa, na wawili katika waliokufa walikuwa wa Hong Kong. Tarehe 8 Juni zilishambuliwa Sir Galahad na Sir Tristram, meli saidizi zenye mabaharia wa Hong Kong. Katika Sir Tristram wote wawili waliopoteza maisha walikuwa Wachina hao. Idadi rasmi ya Waingereza waliokufa, 255, inawajumuisha wanane hawa. Ukiwa mchunguzi, hapo ndipo pa kuuliza yale maswali manne ya mwanzo: ni nani aliyelipa fidia, kwa kiwango cha mkataba upi, na je, kiwango hicho kilikuwa sawa na cha baharia Mwingereza aliyelala chumba cha pili.

Ulinganisho mmoja utakusaidia. Katika HMS Ardent, iliyozama katika vita hiyo hiyo, alikuwemo meneja wa duka la meli, Mwingereza asiye askari, John Leake, ambaye mkataba wake na shirika la maduka ya jeshi ulikuwa na kipengele cha kumwingiza jeshini kwa cheo vita inapoanza. Aliingizwa, akashika bunduki ya rashasha, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Simsemei vibaya, alistahili. Ninachosema ni kwamba aliyeandika mkataba wake aliifikiria vita kabla haijatokea. Unaposoma mkataba wa dobi, tafuta kipengele cha namna hiyo, na usipokiona, andika kwamba hakipo. Kukosekana kwa kipengele ni taarifa kamili.

Niliahidi kuwarudia wanawake wa bandarini. Kuanzia mwaka 1928 hadi Uingereza ilipoikabidhi Hong Kong mwaka 1997, kikundi cha wanawake kilichojulikana kwa jina la kiongozi wao, Jenny, kilikuwa kikizikaribia manowari kwa sampani, yaani mashua ndogo za Kichina, na kuzipaka rangi ubavuni, kuzisafisha na kung'arisha shaba. Jeshi la Majini halikuwalipa ujira. Malipo yao yalikuwa ruhusa: kuchukua mabaki na vyuma chakavu vya meli, na kuwauzia mabaharia soda. Jenny alitunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza mwaka 1980, na maofisa wengi walimwandikia barua za shukrani alizozitunza. Waandishi hupenda kumalizia hapo, kwenye nishani na maua aliyowapa manahodha waliokuwa wakiondoka. Wewe usimalizie hapo. Kadiria saa walizofanya kazi kwenye ubavu mmoja wa meli, kisha uliza chuma chakavu cha meli moja kiliuzwa kiasi gani sokoni. Kazi isiyo na mshahara nayo ina masharti, na ni rahisi kuyakosa kwa kuwa hayakuwekewa sahihi.

Watu wa pwani yetu wana ulinganisho wao wa haki kabisa. Katika karne ya 19 manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa ziliwaandika wanaume Unguja na kwingineko katika Bahari ya Hindi, wakaitwa Seedies. Hao waliingizwa katika vitabu vya meli na kulipwa na jeshi lenyewe, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko Waingereza. Ndiyo maana leo mjukuu anaweza kulitafuta jina la babu yake Seedie katika orodha za meli, ilhali mjukuu wa dobi aliyelipwa kwa shati atatafuta bila mafanikio. Aliyeingia kitabuni anaonekana, hata kama aliandikwa kwa jina la kubandikwa.

Jambo la majina linahitaji uangalifu wa pekee. Majina ya Kikantoni yaliandikwa na makarani jinsi walivyoyasikia, na jina la ukoo ambalo kwa Wachina hutangulia lilihamishwa likawekwa mwisho, au likaachwa. Nilipoanza kulinganisha orodha za waliokufa mwaka 1982, nilimhesabu mtu mmoja mara mbili, kwa kuwa orodha moja ilitanguliza ukoo na nyingine ikaumalizia, na herufi mbili zilikuwa zimebadilika katikati. Tangu hapo huandika kila jina katika kadi moja kwa mipangilio yote inayowezekana, pamoja na meli na tarehe, na sihesabu mpaka tarehe na meli zikubaliane. Mwenye kumbukumbu za mdomo naye atakupa "Namba Moja" au jina la utani. Lipokee kwa heshima, kisha muulize ni meli gani na mwaka gani.

Mwisho wa ajira ni sehemu ya masharti, na mara nyingi ndipo ukweli unapojitokeza. Mfano wa jirani ni wa mabaharia wa Kichina wa meli za biashara waliokuwa Liverpool wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 waligoma wakidai mishahara na posho ya hatari inayolingana na ya Waingereza. Vita ilipokwisha, mkutano wa serikali wa Oktoba 1945 ulifungua jalada la kuwarudisha kwa lazima, na wengi waliondolewa mwaka 1946 wakiacha wake na watoto ambao hawakuambiwa kitu. Jalada hilo, HO 213/926, liko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, na kichwa chake cha habari kinatosha kukuonyesha walivyotazamwa. Kwa madobi wa manowari, mwaka 2023 magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba Wachina wanaondolewa melini kwa hofu ya upelelezi na nafasi zao kuchukuliwa na Wanepali, akiwemo mtu aliyetumikia kwa miaka 39, ambaye tatizo lililotajwa ni kuwa na familia Hong Kong. Unapoandika habari kama hiyo, acha mjadala wa ujasusi kwa wenye nao. Swali lako ni kama mtu wa ujira wa kipande, asiye mwajiriwa wa jeshi, ana taarifa ya kuachishwa, ana kiinua mgongo, na anaweza kumshtaki nani katika mahakama ipi.

Kama unausoma mwongozo huu kwa sababu wewe mwenyewe umepewa karatasi ya kazi ya jikoni, usafi au ufuaji katika meli ya jeshi la nchi nyingine, maswali ni yale yale, ila majibu uyatake kwa maandishi kabla ya kuweka sahihi. Jina la mwajiri liwe la kampuni inayoweza kupatikana nchi kavu, na si la wakala peke yake. Mkataba useme kama unalipwa kwa mwezi au kwa kipande, na kama ni kwa kipande, useme utalipwa nini siku ambazo meli imefunga maji. Utaje mahali pako wakati wa hatari, kitambulisho utakachopewa, posho ya eneo la vita, haki ya kushuka meli ikiagizwa kwenda vitani, na kiasi cha fidia kwa fedha ya nchi inayotajwa kwa jina. Andika ndugu wa karibu wawili, si mmoja, kwa majina kamili yanayolingana na vitambulisho vyao na namba za simu, kisha umwachie mmoja wao nakala ya mkataba yenye kurasa zote.